Usitupe Boksi, Mshikaji!

Wiki hii tuko Uingereza, kwenye vigari vya chuma vinavyokaa kiganjani. Mwaka 1958 Vanwall ya kijani, Stirling Moss akiwa mmoja wa madereva wake, ilitwaa taji la kwanza la watengenezaji magari ya Formula One. Watoto nao walinunuliwa vigari vyake, vya Dinky wa Liverpool na Corgi wa Wales. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa 1979, na leo watu wazima wanavigombania mnadani! Ukibahatika kupata kimoja, chonde chonde, usikipake rangi mpya. Mkwaruzo wa zamani una heshima yake, rangi mpya inaua bei. Na boksi lake je? Litunze bwana, noti ziko humo! Tukutane wiki ijayo.