Mkasi uliotoka kwenye mtindi

Mwaka 2007, watafiti wa kampuni ya Danisco walionyesha kuwa bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, huhifadhi kipande cha jeni za kirusi kilichomshambulia, ili kikirudi akitambue na kukikata. Kinga hiyo, iitwayo krispa (CRISPR), ndiyo asili ya mkasi wanaoutumia wanasayansi leo kubadili jeni.

Nasi Wakenya tunao mursik, maziwa ya kuchachusha: kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yakitoka mazito, ya kijivu, yenye harufu ya moshi. Humo mna bakteria wetu. Vyuo vikuu viwakusanye, viwahifadhi, na viwafundishe vijana kuzima jeni zao moja moja kwa mkasi huo hadi wajue ipi huleta uchachu. Serikali itenge fedha, tena katika bajeti ijayo.