Neno Lina Mwenye Neno

Mafundi wa tovuti wana kanuni moja ambayo washairi tungepaswa kuwa wa kwanza kuitetea: sura ya ukurasa isifumwe ndani ya mantiki ya programu. Programu itafute, ihesabu na ichague. Maneno yawe na mahali pake. Herufi, rangi na nafasi ziamuliwe kando. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kueleza sura pekee, na Desemba 1996 ikawa kiwango rasmi. HTML ikabaki na kazi yake ya asili: kusema hiki ni kichwa, hii ni aya.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi mara nyingi uliandikwa kwa mstari mmoja, vipande vinne vikitenganishwa kwa alama. Ziliposhika hati za Kilatini, ubeti uleule ukachapwa kwa mistari minne. Sura ilibadilika, lakini vina na mizani havikutikisika, kwa kuwa vipande vilitambulishwa kwa alama, si kwa upana wa karatasi.

Mtandaoni tumeuacha werevu huo. Tunausukuma utao kwa nafasi tupu hadi ulingane na wenzake kwenye kompyuta ya mwandishi. Msomaji wa hapa Utemini akilifungua shairi hilo kwa simu, mshororo wa mizani 16 hukatika popote:

Neno lina mwenye neno, na nguo
ina fundiye.

Kina cha kati kimefichika, na mtu asiyelijua shairi atadhani mtunzi hajui kupima. Lau ukwapi na utao vingetambulishwa kila kimoja kwa jina lake, kioo chembamba kingekata penye mkato, na kioo kipana kingeviweka sambamba.

Hasara ni kubwa zaidi maneno yanapozikwa ndani ya programu. Nani hajaona «siku 1 zilizopita» au «mwezi 1 zilizopita» chini ya makala? Programu imechukua tarakimu na kuigandisha mbele ya neno moja lisilobadilika, kana kwamba Kiswahili hakina ngeli. Siku moja imepita, mwezi mmoja umepita, miaka mitatu imepita. Upatanisho ndio uti wa mgongo wa lugha hii. Mwanalugha anaiona kasoro, ila hawezi kuigusa, maana neno limekaa katikati ya amri asizozijua, na akikosea nukta moja tovuti nzima huzimika. Maneno yangetengwa, umoja na wingi wake, angeyasahihisha mara moja bila kumwita fundi.

Yupo atakayesema kwamba kwa ukurasa mmoja utengano huu ni kazi ya bure. Huenda. Lakini diwani ya mashairi 200 haibandikwi leo ikasahaulika kesho. Simu zitabadilika na mafundi watabadilika.

Kwa hiyo tunapomkabidhi fundi mashairi yetu, tusiishie kumuuliza rangi. Tumwonyeshe ubeti, mshororo, ukwapi na utao, tumtake avitambulishe hivyo, na tumwombe faili la maneno tulihariri wenyewe. Tusipofanya hivyo, sarufi ya Kiswahili mtandaoni itaendelea kuamuliwa na mtu ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo.