Msimlaumu Mgonjwa Anayeruka Zahanati

Kila unapozuka mjadala wa msongamano katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, lawama humwangukia mgonjwa. Ameruka ngazi, husemwa. Angeanza zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa, na ikibidi ndipo afike Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na barua yake ya rufaa mkononi. Utaratibu huo una mantiki na ninautetea. Mwenye mafua, au aliyeishiwa dawa za presha, hana sababu ya kukaa idara ya dharura. Lakini mama wa Chanika ambaye mtoto wake amepandwa na homa saa nane za usiku hana nafasi ya kuwaza ngazi. Anachotaka kujua ni wapi kuna taa inayowaka na mhudumu aliye macho, na zahanati nyingi wakati huo zilishafungwa tangu alasiri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka anayeruka ngazi atozwe zaidi mlangoni. Adhabu hiyo inadhani kwamba mgonjwa alikuwa na pa kwenda pengine, na inamtaka ajipime mwenyewe kabla hajapimwa na mtu yeyote.

Tuwe wakweli kuhusu kinachofanyika wapi. Zahanati iliyo wazi na yenye dawa inaweza kupima malaria kwa kipimo cha haraka, ikatoa dawa ya ALu, ikampa mtoto anayeharisha ORS na zinki, ikasafisha na kufunga jeraha. Ikikutana na malaria kali, inaweza kuanza artesunate kabla ya kumpa mgonjwa rufaa, na dozi hiyo ya kwanza ina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kijijini, ambako hospitali iko mwendo wa saa kadhaa, kupita mlango wa zahanati bila kusimama kunaweza kumgharimu mtoto uhai wake. Vivyo hivyo kwa anayevuja damu: jeraha likandamizwe na dripu iwekwe mahali pa karibu, safari ifuate. Kupakiwa bodaboda kukimbizwa mjini, huku damu ikitoka njia nzima, ni hatari ambayo tumeizoea mno.

Kiharusi ni habari nyingine. Mdomo ukipinda ghafla na mkono mmoja ukakosa nguvu, zahanati haina la kukupa. Inatakiwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kila kituo cha kupitia kinakula muda huo. Mgonjwa wa namna hii anayeruka ngazi zote yuko sahihi kabisa, na anayemrudisha nyuma akatafute barua ndiye mkosaji.

Kuna dalili ambazo kila nyumba ingepaswa kuzijua kama inavyojua njia ya kwenda sokoni. Kwa mtoto: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki. Kwa mtu mzima: kifua kinachobana, kupumua kwa shida, damu isiyokatika. Kwa mjamzito: kutokwa damu, au kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu. Haya hayangoji asubuhi. Homa ya siku moja kwa mtoto anayecheza na kunywa inahitaji kipimo, lakini kituo cha afya kilicho wazi kinamtosha.

Muhimbili yenyewe ilipata idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza. Ni juzi tu. Katika idara ya namna hii mgonjwa huhudumiwa kwa uzito wa hali yake, hata kama aliyefika kabla yake bado amekaa kwenye benchi. Wengi hawaelezwi hilo, na mwenye mafua anayesubiri saa nyingi huondoka akiamini amedharauliwa. Dakika chache za kueleza zingepunguza ugomvi mwingi mapokezi.

Wakenya waliandika haki hii kwenye Katiba yao ya 2010: ibara ya 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, mwaka 2015, majeruhi wa ajali alizungushwa Nairobi ndani ya ambulansi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Katiba ilikuwa upande wake. Kilichokosekana ni kitanda, na mtu mwenye mamlaka ya kuielekeza ile ambulansi mahali palipo na nafasi.

Kwetu, mtu huyo yupo, ila kwa kundi moja tu. Mpango wa m-mama, ambao mwaka 2022 ulizinduliwa rasmi kwa ajili ya nchi nzima, unawahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, anaamua apelekwe kituo gani, kisha anatafuta ambulansi, na ikikosekana anamwita dereva wa gari la kawaida aliyesajiliwa na anayelipwa kwa kazi hiyo. Familia haikisii. Hakuna anayewauliza kwa nini hawakuanzia zahanati.

Sioni kwa nini mzee mwenye kiharusi au kijana aliyegongwa na lori asipate huduma hiyohiyo. Huyo kijana ana mzigo mwingine pia, fomu ya polisi ya PF3, ambayo watu wengi wanaamini kwamba bila hiyo hakuna daktari atakayemgusa majeruhi. Wapo wanaopitia kituo cha polisi kwanza huku mtu wao akififia kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Fomu inaweza kuletwa baadaye na ndugu.

Kwa hiyo fedha ambazo zingetumika kulinda milango ya hospitali kubwa ningezipeleka kwingine: kwa muuguzi na tabibu wa zamu ya usiku katika kituo cha afya kilicho karibu na watu, mtungi wa oksijeni uliojaa, na 115 inayompokea kila mgonjwa wa dharura. Hayo yakishafanyika, ndipo tuzungumze kuhusu nani ameruka ngazi.