Msinunue Mashine ya Kukatia Mabua

Mwezi wa tisa mwaka jana nilifika kwa mama mmoja kule tambarare ya Hai, mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa. Nilipomwamkia aliitikia, halafu hakuniuliza hata habari za ofisini. "Bwana mifugo, huyu ng'ombe anatafuna toka asubuhi mpaka jioni, mbona anakonda?" Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita tisa mpaka nne. Mama alikuwa amekopa kwenye VICOBA, akanunua marobota 60 mwezi wa saba ili kiangazi kisimkute mikono mitupu. Nikafungua robota moja. Mabua matupu, rangi ya kahawia, mbegu zimeshapukutika, majani ya kutafuta kwa kidole. Nikamwuliza hizi nyasi zilikatwa na nini. Akajibu kwa fahari kidogo, "Na mashine, mwanangu. Ile mpya ya kikundi."

Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Siku mashine ile inakabidhiwa nilikuwepo na nilipiga makofi. Hotuba zilikuwa nne. Hakuna hata moja iliyotaja ikate lini.

Wengi mmeiona mashine yenyewe. Inafungwa nyuma ya trekta, ina ngoma mbili za chuma zinazozunguka kwa kuelekeana, na chini ya kila ngoma kuna visu, mara nyingi vitatu. Ile yenye upana wa mita 1.65, trekta likienda kilomita 8 kwa saa, kwenye karatasi inakata zaidi ya ekari tatu kwa saa. Toa muda wa kugeuza na kukwepa vichuguu, weka ekari mbili. Ekari mbili hizo ukiwapa vijana wawili wenye mafyekeo, watakuwa humo siku kadhaa, na mvua ikipita katikati mmepoteza.

Sasa jiulize unalipia nini hapo. Nyasi haziongezeki protini kwa sababu zimekatwa na chuma kilichotoka nje ya nchi. Unalipia uwezo wa kuchagua siku. Basi. Ukiipeleka mashine shambani wakati nyasi zimeshakufa zimesimama, umelipa dizeli kufanya kazi ambayo fyekeo lingeifanya bila haraka, maana mabua hayana pa kwenda.

Nyasi za Rhodes zilizotunzwa vizuri, zikikatwa zinapoanza tu kutoa maua, huwa na protini kama asilimia 9 mpaka 12. Ziache zikomae zipukutishe mbegu, utaikuta chini ya 6. Na tumbo la ng'ombe linafanya kazi kwa vijidudu vinavyochachusha nyasi, navyo vinahitaji kulishwa. Protini ya chakula ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinalegea, mabua yanakaa tumboni muda mrefu, tumbo linajaa na ng'ombe hali zaidi. Ndiyo jibu la yule mama. Ng'ombe wake alikuwa ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja.

Najua mtaniambia nini: nyasi zinapotoa maua mvua bado ipo, zitaozea shambani. Ni kweli kwa nyasi ulizoziacha zijipangie kalenda. Masika huku kwetu yanaanza mwezi wa tatu na kuishia wa tano. Ukiliacha shamba likue tangu mvua ya kwanza, maua yatakuja kwenye matope. Basi usiliache. Katikati ya mwezi wa nne kata nyasi hizo, kipande kwa kipande, kwa fyekeo, ulishe mbichi. Trekta usiliingize kwenye tope. Rudisha samadi pale ulipokata. Nyasi zinachipua, na baada ya wiki sita mpaka nane, yaani mwanzo wa mwezi wa sita, zinakuwa tayari kwa hei wakati mvua imeshapungua. Huo ndio wakati wa kuita mashine. Tena mwezi wa sita matrekta mengi yamelala: kulima kumeisha na kusomba mahindi bado. Mnayagombania mwezi wa saba na wa nane wakati kila mtu anayataka, halafu mnalalamika bei.

Mashine ile ya kikundi mwezi wa sita ilikuwa chini ya mwembe. Nilipouliza nikaambiwa inasubiri mkutano wa kupanga bei ya kukodisha. Mkutano ulikaa tarehe 9 mwezi wa saba.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Mashine ya ngoma inakata na kuacha nyasi zote kwenye tuta moja nyuma ya trekta. Haizisambazi wala haipondi mashina. Nyasi mbichi zina maji asilimia 75 mpaka 80, na hei inatakiwa isizidi 15 hivi. Yaani tani moja ya nyasi mbichi inakupa kilo 230 mpaka 300 za hei, kilichobaki ni maji ambayo lazima yaondoke. Ukiliacha tuta kama lilivyo, juu kunakauka, chini kunachacha. Kwa hiyo kundi la watu wenye reki na uma liwepo siku hiyo hiyo, watawanye nyasi, wageuze kesho yake, na siku za mawingu ya mwezi wa sita wageuze tena. Usipoweza kupata watu wa kugeuza ekari mbili, usikate ekari mbili. Kata nusu.

Kujua kama imekauka, chukua kiganja cha nyasi, katakata, tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, bado kuna maji. Ukifunga robota na maji hayo litapata joto na ukungu, na ghala linaweza kushika moto lenyewe.

Halafu urefu wa kukata. Mashine nyingi zikitoka dukani zinakata chini sana, vidole viwili tu kutoka ardhini. Dereva anafurahi kwa sababu shamba linabaki kama uwanja wa mpira. Rhodes iachiwe sentimita 8 mpaka 10, la sivyo unakata mahali inapochipulia na unazoa udongo ndani ya hei. Zipo pete za kuinulia mashine. Dai zifungwe kabla ya kulipa.

Na visu hivyo havina mchezo. Ncha ya kisu inakwenda kasi kuliko basi lolote la Arusha, na jiwe likipigwa linatoka kama risasi. Siku moja kabla, tembea shamba lote kwa miguu, toa mawe, weka mti mrefu kwenye kila kisiki na kichuguu. Lile turubai linalozunguka mashine siyo pambo. Nimeona limekatwa likawa tandiko la pikipiki. Watoto wasifuate trekta. Na dereva akishazima shafti, ngoma bado zinazunguka kwa muda, asisogee mtu mpaka zisimame kabisa.

Je, ununue yako? Tupige hesabu pamoja. Ng'ombe mmoja wa maziwa, ukimpa kilo 10 za hei kwa siku, miezi minne ya kiangazi ni kilo 1,200, sawa na marobota 60 ya kilo 20. Ng'ombe wawili, 120. Shamba la kutoa hayo mashine inalimaliza asubuhi moja. Baada ya hapo chuma chako kitakaa mwaka mzima kikila kutu, na bado hujanunua trekta lenye nguvu ya farasi 40 au 50 la kukizungusha. Pawatila haitoshi. Mwenye ng'ombe wawili akikopa kununua mashine hii, mimi nitamshauri aache, na nimeshawashauri wawili. Kodi. Ungana na majirani sita mnaopakana, mwiteni mwenye trekta kwa siku moja, mkubaliane naye mwezi wa nne kwamba atakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, na mmpe malipo ya awali ili siku hiyo iwe yenu.

Nanyi wafanyabiashara, nina neno. Najua baadhi yenu mnavuna kwanza mbegu za Rhodes, mnauza, kisha mnafunga mabua yaliyobaki na kuyaita hei. Mbegu uza, ni haki yako. Mabua pia uza, yana kazi yake kwa ng'ombe anayepewa pumba na mashudu. Lakini yauze kwa jina lake na kwa bei yake. Tena robota siyo kipimo. Sanduku la kufungia la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, likishindiliwa vizuri, linatoa kilo 20 hivi. Nimepima ya mnadani nikakuta ya kilo 11, bei ni ile ile.

Mnunuzi, nenda na mizani ya kuning'iniza. Omba robota lifunguliwe. Kama ndani hakuna ukijani, hakuna majani, na masuke yamebaki vijiti, mwambie akupe bei ya mabua au uondoke.

Yule mama tulimwongezea mashudu na majani ya lukina yaliyokuwa kwenye mpaka wake, na maziwa yakarudi mpaka lita sita. Deni la VICOBA alilimaliza mwezi wa pili, baada ya kuuza mbuzi wawili. Shamba lake la nyasi, robo tatu ya ekari, alianza kulikata kwa fyekeo tarehe 14 mwezi wa nne. Majirani watano wameingia naye, wa sita bado anabishana na mumewe. Mwenye trekta ameshapokea malipo ya awali.