Afya Nyumbani: Nani alimwona mnyama akingali hai?



Mwezi huu naanza na mkono wa mtoto wa dada yangu. Ni kijana wa miaka 22, anachimba dhahabu upande wa Misisi. Siku moja wenzake walikuta paa amekwisha kufa kwenye mtego wa waya. Waliona ni bahati, kwa maana pale juu nyama ya mbuzi ni ya PDG wa shimo, si ya anayebeba mifuko ya mchanga. Kijana wetu ndiye alichuna. "Mama mudogo, nyama haikuwa inanuka hata kidogo," ndivyo alivyoniambia baadaye. Vidole vyake vilikuwa na nyufa, kama mikono ya kila mtu anayeponda mawe.

Siku chache zikapita, akaona kipele kwenye kidole. Kikawa lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati, mkono ukavimba. Kwa sababu hakikuuma, aliendelea na kazi. Homa ilipompiga ndipo walimteremsha na pikipiki mpaka kituo cha afya. Muuguzi alitazama kile kidonda, akamuuliza juu ya nyama, halafu akauliza: "Nani alimwona huyo mnyama akingali hai?" Wote wakanyamaza. Hakuna aliyemwona.

Muuguzi alishuku kimeta. Majibu ya laboratwari hatukuyapata, lakini dawa za antibiotiki alipewa mara moja, na mungu ni mwema, kijana amepona. Kovu liko.

Lile swali la muuguzi limekaa nami. Tafakari kidogo. Ng'ombe anayechinjwa machinjioni hutazamwa na mutu wa mifugo kabla na baada ya kisu. Nyama ya pori haina machinjio. Anayeipasua tumbo kule msituni ndiye mkaguzi wake wa kwanza, na mara nyingi ndiye wa mwisho. Ikifika sokoni imekatwa, imekaushwa kwa moshi, imekuwa nyeusi. Ini limekwisha kuliwa, mapafu yametupwa. Hata daktari wa mifugo angesimama mbele ya ile meza, angesoma nini?

Wenzetu wa Ulaya walikubali jambo hilo na kuliandika katika sheria. Tangu mwaka 2006, katika nchi za Umoja wa Ulaya, nyama ya mnyama mkubwa wa pori haiingii kiwandani kuuzwa kwa watu hivi hivi. Kati ya wawindaji, angalau mmoja awe amefundishwa, awe karibu, na amtazame mnyama mapema baada ya kuuawa. Uingereza ilipotoka katika Umoja huo iliendelea na utaratibu huo, na wale wanaowinda kulungu kule wanasoma na kufanya mtihani ili kupata cheti. Wanafunzwa mnyama mzima anavyokuwa na anavyotembea, viungo vya ndani vyenye ugonjwa vinavyoonekana, namna ya kutoa matumbo bila kuyapasua, usafi wa kubeba, na sheria. Akiona kila kitu ni sawa, anafunga karatasi yenye namba kwenye mzoga: siku, saa, mahali alipouawa. Asipokuwapo mtu aliyefundishwa, kichwa na viungo vya ndani (isipokuwa tumbo na utumbo) lazima vifuatane na nyama ili mkaguzi avione. Tena wanataka nyama ipozwe mpaka digrii 7. Hapo mimi nacheka kidogo, maana friji ya Misisi ni kivuli cha mwembe.

Hata ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2020 ili nyamapori iuzwe kwenye mabucha yenye leseni, siyo gizani. Kwetu iko sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai kibali. Lakini kibali kinasema unaweza kuua. Hakisemi unajua kutazama ini. Mwindaji wa Fizi mwenye cheti cha kutazama ini sijamwona bado. Baba alimfundisha kutega, hakumfundisha ugonjwa.

Basi tufunzane sisi wenyewe yale yanayowezekana, cheti au hakuna.

La kwanza ni lile la muuguzi. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe. Mwindaji aliyemwona mnyama akikimbia ana ushuhuda: alikuwa anaogopa watu, anasimama vizuri, manyoya yanang'aa. Mtego wa waya unaua ushuhuda huo. Mnyama anaweza kuwa alikuwa mgonjwa kabla ya kunaswa, ndiyo maana alinaswa. Na kama damu inatoka puani au nyuma na haigandi, usimpasue hata kidogo. Mbegu za kimeta zikipata hewa hujifunga ganda, hukaa udongoni miaka mingi. Mwezi wa 4 mwaka 2025, huko Virunga, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta, mizoga ikaelea mtoni Ishasha. Watu waliambiwa wasiile nyama ile. Fikiri mwenye njaa anapoona kiboko mzima anaelea bure!

La pili, aliye na kidonda mkononi asichune. Najua, kwenye mashimo nani hana kidonda? Basi achune mwingine, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Wamama, hili ni letu pia. Moto wa jiko unaua vijidudu vingi ndani ya sufuria, lakini haurudi nyuma kumsaidia aliyekata nyama mbichi. Mtoto asipewe mguu wa nyani auchezee. Na lile beseni la zebaki na dhahabu lisiguse nyama, hata ulisugue na mchanga siku nzima.

La tatu, fungua na utazame. Ini lenye madoa meupe au uvimbe, mapafu yaliyoshikamana na mbavu, usaha, tezi zilizovimba: chimba shimo refu, zika yote, mjulishe mtu wa mifugo. Matumbo yatoke upesi. Nyama ya moto usiifunge katika plastiki; itundike penye hewa, kate vipande vyembamba kama ni ya moshi, maana kipande kinene kinaungua nje na ndani kingali kibichi.

Sasa, neno juu ya mpox, kwa sababu naulizwa sana. Ugonjwa ulipolipuka Kamituga mwaka 2023, wengi walisema ni nyama ya nyani. Hapana, tusisingizie. Kule ulienea kati ya mtu na mtu, hasa kwa kulala pamoja. Ni kweli mpox inaweza kutoka kwa mnyama, na wataalamu wanashuku zaidi panya na kindi wa msituni kuliko nyani. Kwa hiyo aliyeacha nyani na kuchuna kindi kwa mikono yenye vidonda hajajikinga. Sokwe na gorila wa Itombwe ni jambo lingine kabisa: sheria inawalinda, hawauzwi, hawaliwi.

Mkienda sokoni, muulizeni muuzaji: aliuawa lini, wapi, kwa bunduki, mbwa au waya, na ini lilikuwaje? Juzi Baraka nilimuuliza mama mmoja, akanikasirikia: "We Mama, unanunua ao unafanya anketi?" Nikamwambia nafanya yote mawili. Alicheka, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mume wake hamwambii. Jumamosi iliyofuata aliniita mwenyewe: "Ya leo alimwona, ilikuwa inakimbia. Ini njo ile hapa, angalia." Nilinunua kilo moja.

Mwezi ujao tutaongea juu ya maji ya kunywa kwenye mashimo. Wenye maswali waandike, hata kwenye kipande cha daftari.