Wa Kitui na Makueni wanaoitazama Harvard

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, majirani zetu wa Kitui na Makueni huleta majina kwenye orodha ya A, na mara moja huanza maneno ya Marekani. Basi tuhesabu. Harvard na Yale huchukua kama wanne katika kila mia wanaoomba. MIT, kwa wageni, ni wawili hivi. Na hao mia si wa kubahatisha, wengi wao ni vinara wa shule zao.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua, hata mwombaji akiwa mgeni, na akishaingia humlipia kile ambacho nyumbani hawakiwezi. Vyuo vingi vingine vya kule hufanya hivyo kwa Wamarekani tu, na mgeni anayehitaji msaada nafasi yake hupungua. Kwa mtoto wa maskini wa Mutomo, chuo kilicho kigumu kuingia ndicho chepesi kulipia.

Ndiyo maana nilishtuka mzee mmoja wa Kibwezi, anayeleta maembe Kongowea, aliponiuliza kama auze ng'ombe ampe wakala aliyemuahidi mwanawe nafasi Harvard. Nilimwambia, ng'ombe wako waache zizini. Hakuna wakala mwenye ufunguo wa mlango ule. EducationUSA, kitengo cha ushauri cha ubalozi wa Marekani Nairobi, hueleza taratibu zote bila malipo.

Linalowaangusha wengi ni kalenda. Maombi ya Harvard hufungwa tarehe 1 Januari, na KCSE miaka hii ya karibuni imekuwa ikitangazwa Januari, siku hiyo ikishapita. Wa shule za kimataifa Nairobi ana mshauri mapema. Wa Mtito Andei husikia habari akiwa tayari ana cheti mkononi, ikambidi angoje mwaka mzima. Kisha kuna SAT, ambayo Harvard na MIT wameirudisha kuwa lazima. Hiyo ni zaidi ya dola 100, nauli na malazi mbali, na basari za kwetu zimezoea kulipa karo.

Tena shahada ya kwanza si mlango pekee. Makau Mutua, mzaliwa wa Kitui, alifukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981 kwa harakati za wanafunzi, akaenda kusomea sheria Dar es Salaam, na baadaye Harvard ikampa udaktari mwaka 1987. Njia hiyo ya kupitia vyuo vyetu kwanza husemwa kidogo mno.

Siasa nazo zimeingia. Mei 2025 serikali ya Trump ilijaribu kuizuia Harvard isipokee wageni, mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Mwezi huo huo balozi za Marekani ziliacha kwa wiki kadhaa kutoa miadi mipya ya viza za wanafunzi. Kwa hiyo anayeomba huko mwaka huu asiiache nafasi yake ya KUCCPS ipotee akingojea barua.