Njiwa, Ngamia na Rangi ya Mtoto

Wafugaji wa njiwa hapa Mwambao wamezoea kuapa. Muuzaji huapa kuwa jozi yake ni ya damu safi, na mnunuzi huichukua, wote wawili samawati, mistari miwili myeusi imekaa sawasawa mbawani. Jike hutaga, huangua, na wiki chache baadaye kinda mmoja huota manyoya mekundu mpaka mkiani. Hapo ndipo maneno huanza. Ama muuzaji ni mwongo, ama jike ni mhuni aliyetoka na dume wa jirani. Mara nyingi hukumu humwangukia jike, naye huishia chunguni.

Mimi nasema jike huyo ameonewa. Nasema pia kuwa dhuluma hiyo haiishii kwenye matundu ya njiwa, bali huingia hata majumbani mwetu.

Twapenda kusema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na maji hufuata mkondo. Ni kweli, lakini mikondo mingine hupita chini ya ardhi. Kila njiwa hupokea chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, kutoka kwa baba na mama. Wekundu ule uenezao mwili mzima hauonekani mpaka kinda apate jeni yake kutoka pande zote mbili. Aliyeipata upande mmoja tu huibeba kimya kimya, huku yeye mwenyewe ni samawati kama wenzake. Wakikutana wawili wabebao siri hiyo, kwa makadirio kinda mmoja kati ya wanne atatoka mwekundu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliionyesha jeni yenyewe ihusikayo, iitwayo Sox10. Basi jike wetu hakutoka nje. Wekundu ulikuwamo humo humo ndani, pengine tangu enzi za babu.

Haya si mageni kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1859, Charles Darwin alieleza jinsi alivyowachanganya njiwa weupe wa mkia wa upepeo na njiwa weusi wa aina nyingine. Watoto walitoka hudhurungi na weusi wenye mabaka. Alipowachanganya hao wenyewe kwa wenyewe, mjukuu mmoja alitoka samawati safi, mistari miwili mbawani, kama njiwa wa mwituni wa majabalini. Babu na bibi mmoja mweupe na mmoja mweusi, mjukuu samawati! Rangi ya kale ilikuwa imejificha, haikufa.

Sikatai kuwa ziko rangi zitoazo ushahidi. Uko wekundu wa pili, ule wa majivu, ambao mbawa na mkia hubaki na rangi ya kijivu iliyopauka. Huo haujifichi nyuma ya usamawati. Mwenye nao huuonyesha. Basi samawati wawili wakimlea kinda wa namna hiyo, mfugaji ana haki ya kumtazama dume wa jirani kwa jicho la pembeni. Tena jeni hiyo hukaa pamoja na zile zinazoamua dume na jike. Dume hupata mbili, jike hupata moja tu, nayo hutoka kwa baba yake. Kwa hiyo ukimwoza dume samawati kwa jike mwekundu wa majivu, watoto wa kiume watatoka wekundu kama mama yao, na wa kike samawati kama baba yao. Mfugaji ajuaye hivyo huwatenga madume na majike wangali tunduni. Lakini yataka ujue ni wekundu gani ulio mbele yako kabla ya kutoa hukumu.

Na hiyo damu safi tunayoiapia ni ipi? Twamwita njiwa manga, yaani twamhesabu mgeni aliyetoka Arabuni. Walakini utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa jeni ya yale madoadoa meusi yanayoenea mbawani mwa njiwa wengi wafugwao iliingia kutoka kwa njiwa wa mwitu wa Afrika, yule mwenye duara jekundu machoni na madoa meupe mbawani. Alichanganyika naye zamani, na alama angali nayo. Manga wetu ana mjomba wa Kiafrika, naye hauoni aibu ujomba huo. Sisi je?

Maana tazameni tufanyavyo mtoto azaliwapo. Hata arobaini haijafika, wageni wamekwisha kutazama ncha za masikio yake wabashiri rangi. Akitoka mweusi kuliko baba, au mweupe kuliko mama, minong'ono huanza, na wako wanawake waliopewa talaka kwa minong'ono hiyo. Ngozi ya binadamu huongozwa na jeni nyingi mno, wala si moja au mbili kama za njiwa, hivyo rangi za watoto wa tumbo moja huweza kutofautiana sana. Na katika Mwambao huu, ambako damu za bara, za Arabuni, za Bara Hindi na za visiwani zimekutana kwa karne nyingi, ni nani awezaye kuapa juu ya babu wa saba?

Sisi Waislamu ndio tusio na udhuru kabisa. Abu Huraira amepokea, na Bukhari na Muslim wameitia katika Sahihi zao, habari ya bedui aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimwuliza habari za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama yumo wa rangi ya kijivu. Akasema yumo. Alipoulizwa huyo ametoka wapi, bedui mwenyewe akajibu kuwa labda ni asili ya zamani iliyomvuta. Mtume akamwambia kuwa na mwanawe pia huenda asili imemvuta, wala hakumruhusu kumkana.

Wazee wetu nao waliliweka fupi: kitanda hakizai haramu. Basi mfugaji na aandike daftari la jozi zake na vizazi vyake kabla ya kumshutumu jike. Na mwenye kumwona mtoto mchanga wa jirani na amwombee dua, ayaache masikio yake.